Ndizi za Harusi

Mume wangu alikuwa mtu wa haraka, na haraka ile nusura inifanye mjane kabla ndoa yetu haijatimiza mwaka wa pili. Ukimwambia haraka haina baraka, anakujibu kwamba treni haingoji baraka. Ilikuwa miaka ya hamsini, naye alikuwa kibarua wa reli pale Voi. Alikuwa amepanda kuja nyumbani, juu ya Bura, kwa harusi ya dada yake. Wageni walikuwa njiani na ndizi zilikuwa bado shimoni.

Sisi watu wa milimani ndizi za sherehe tulizivumbika. Shimo letu lilikuwa refu kimo cha mtu, pembeni mwa shamba kwenye mteremko, nyuma tu ya ukuta wa mawe uliozuia udongo usiporomoke. Tulitandika majani makavu, tukapanga mikungu, tukaingiza moshi wa samadi, tukafukia. Siku ya kufukua, hakuna aliyeshuka kabla ya koroboi. Unaiteremsha kwa kamba ikiwa inawaka. Ikirudi inawaka, shuka.

Aliiteremsha huku akicheka. Ikarudi imezimika.

"Mafuta yameisha," akasema. "Hebu kaongeze."

Nikaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa akimenya viazi. Akaichukua koroboi mkononi mwangu, akaitikisa. Ilikuwa imejaa mafuta.

"Mwanangu yuko wapi?"

Sikuwahi kumwona mama yule akikimbia. Tulipofika, mume wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya mikungu. Hakuwa amengoja. Alikuwa ameinama kunyanyua mkungu, asiweze kuinuka.

Nikaenda mbio kuruka. Mama mkwe akanidaka kiunoni.

"Niache, Mama! Anakufa!"

"Ameingia mmoja. Wewe huingii."

Nilimuuma mkono. Naam, nilimuuma mama mkwe wangu, na wala sioni haya kulisema. Nilimchukia. Niliona ni mwanamke mwenye moyo wa jiwe, kwa maana alisimama ameligeuzia shimo mgongo, kana kwamba aliyelala mle si mtoto wake. Kazi yake ilikuwa kunibana na kuwafokea shemeji zangu wawili waliokuja wakikimbia na mtaimbo.

"Msiruke! Bomoeni ukuta, kule chini! Hewa hiyo ni nzito, itatoka kama maji ya mfereji!"

Siku hizi najua jina la hewa ile: hewa ya ukaa. Jani la mgomba huinywa kutoka angani na kuigeuza wanga. Wanga huwa sukari, na ndizi, hata ikishakatwa, hupumua na kuirudisha kidogo kidogo. Majani yanayooza huongeza yao, moto wa samadi huongeza wake. Juu ya ardhi upepo ungeichukua, na migomba mingine ingeinywa upya. Mle shimoni haikuwa na pa kwenda, ikatuama. Kaboni ile ile iliyotulisha tangu utotoni ilikuwa sasa imemfunika mume wangu. Lakini wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba mgongo wake hausogei.

Mtaimbo uligonga jiwe la kwanza, likakataa. Uligonga tena. Nililia, nikaomba, nikatukana. Jiwe likang'oka, likafuata la pili, kisha ukuta ukafunguka na moshi mzito ukamwagika, ukatambaa kwenye mihogo bila kuinuka. Shemeji zangu wakafunika pua, wakamshika miguu, wakamvuta nje, wakamwinamia wote wawili hata nisione kitu ila nyayo zake.

Mama mkwe hakuwa ameniachilia. Ndipo nilipohisi mikono yake ikitetemeka kiunoni mwangu, mwili mzima ukitetemeka, na uso wake bado ameuelekeza nyumbani.

"Mimi siwezi kugeuka," akasema. "Niangalizie wewe, mwanangu. Anapumua?"

Nikamwambia anapumua. Nilikuwa bado sijaona.