Kikombe cha Manjano
Fundi wa maabara hunawa mikono mara tatu kabla ya kutoka kazini, na mara zote tatu manjano hugoma kutoka kwenye kucha. Kutwa kucha huichukua dawa iliyokamuliwa kwenye mizizi ya manjano akaivika ganda la polima, plastiki laini inayoyeyuka mwilini, ili ifike kwenye kongosho lenye saratani badala ya kuishia tumboni. Akiona kwenye hadubini punje imepasuka, husonya kama aliyemwagikiwa na maziwa. Lakini mbele ya wifi yake, mjane wa kaka yake, mikono huishi mifukoni. Jumapili moja alijisahau, akanyoosha mkono kupokea sahani.

“Kumbe ni manjano yale yale?” wifi akauliza. Yale aliyokuwa akimchemshia mumewe alipougua saratani hiyo hiyo, mpaka siku fundi alipoyamwaga kwenye sinki: “Hayafiki kwenye ugonjwa, wifi. Unajichosha bure.”

“Yale yale,” fundi akajibu kwa sauti ndogo. “Na mpaka leo yamefika kwa panya wa majaribio tu.”

Wifi akaishika ile mikono, akaigeuzageuza. “Nilijua hayafiki,” akasema. “Ila kaka yako alipenda nimshikie kikombe.”