Fundi Makongoro na tangi la pili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufukoni Bukima, Makongoro Nyamhanga amelala kifudifudi ndani ya boti ya kijiji, inayoelea kwenye maji ya kina kifupi. Uso wake unakaribia kugusa maji ya tangi alilolijenga katikati ya boti. Humo mna furu wapatao mia mbili, waliotiwa jana mchana. Anatafuta aliyekufa.

"Nikiona tumbo jeupe juu, basi nimekwisha," anasema bila kuinua kichwa.

Furu ni samaki wadogo wasiozidi urefu wa kiganja. Wavuvi wa hapa huwatunga kwenye ndoano wakiwa hai ili kunasa kamongo na kambare. Furu akifa kabla ya kutungwa, hana kazi.

Makongoro, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, ni seremala wa boti. Watu wa ufukwe huu walipohamia kijiji kipya mwaka jana, 1974, yeye aliachwa alinde boti na banda la zana. Nyumba za jirani zimebaki kuta tupu. Wenyewe waliondoka na mabati na milango. Mkewe alifariki zamani, na binti yake ameolewa Butiama.

"Mwanzoni sikuwa mpweke. Watu walikuwaga wanashuka kila siku," anasema. "Jirani yangu Pelagia alikuwa analeta ugali, tunakula hapa hapa mlangoni na wavuvi."

Mambo yaligeuka mwezi Machi. Kijiji kilimwomba atengeneze tangi la chambo, naye akapata pipa la chuma kwa dereva aliyetoka Bunda. Lilikuwa limebeba dawa ya kunyunyizia pamba. Makongoro alilijua hilo. Alilisugua kwa mchanga na majivu mara tatu, akalianika juani wiki nzima, akalinusa kila asubuhi.

"Halikunuka. Nikasema limepona."

Furu wote waliotiwa humo walikufa kabla wavuvi hawajamaliza kupakia ndoano. Waliwamwaga ufukoni, na kuku saba wa Pelagia, aliokuwa bado hajawahamisha, wakawala. Hakubaki kuku hata mmoja.

Hakuna mtu aliyeumwa, wala Makongoro hakuitwa kwenye baraza. Lakini tangu siku hiyo hakuna anayekula wala kunywa kwake. Wavuvi huja na maji yao kwenye vibuyu. Pelagia bado humsalimu, akiwa amesimama mbali kidogo, na humwuliza habari za binti yake. Ugali haleti. Ni vigumu kumlaumu Pelagia. Ni vigumu pia kumlaumu fundi aliyeamini pua yake.

"Wangenitukana ingekuwa nafuu," anasema Makongoro. "Ukitukanwa unajibu."

Mwezi wa tisa aliomba ajaribu tena. Mara hii hakutumia chuma. Alijenga kuta mbili za mbao za mvule kutoka ubavu mmoja wa boti hadi mwingine, akaziba nyufa kwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta ya ng'ombe. Kisha akafanya jambo lililowatisha wavuvi: akatoboa sakafu ya boti yenyewe, kati ya kuta hizo, matundu kumi na mawili yenye upana wa kidole gumba.

Maji ya ziwa huingia na kutoka kwa matundu hayo boti inapoyumba, na furu hupata maji mapya wakati wote. Kuta zikishika, boti haizami. Zilikuwa zimeshika wiki mbili alipomwita Alfonce, kiongozi wa wavuvi, aje aangalie.

Alfonce alifika jana na furu wake kwenye ndoo. Kabla ya kuwamimina alichota maji ya tangi kwa kata, akamnyooshea fundi.

"Mzee Makongoro, anza wewe."

Makongoro akanywa kata nzima, Alfonce na wavuvi wakimtazama.

Sasa jua limepanda. Alfonce anashuka na wavuvi watatu, anaingia botini, anapitisha mkono taratibu ndani ya tangi. Furu wanatawanyika. Anazunguka kona zote nne, kisha anasimama.

"Wazima," anawaambia wenzake. "Leteni ndoano."

Hamshukuru fundi, wala fundi hangoji shukrani. Anawasaidia kuisukuma boti hadi kwenye kina, anaitazama hadi inapopita matete, halafu anarudi bandani na kuketi kwenye gogo.

Kijijini juu ana kiwanja alichopimiwa tangu mwaka jana. Kina vigingi vinne tu. Kuta anaweza kusimamisha peke yake, anasema, lakini kuezeka huitwa watu, na watu hao hupikiwa.

"Desemba nitawaita. Nitachinja mbuzi, nitapika mwenyewe," anasema. "Wakija wakaezeka halafu wakaondoka na njaa, nitajua. Ila nadhani Alfonce atakula. Akila Alfonce, na Pelagia atakula."