Deni la Mtu Asiyepiga Simu

Watu wa kazini siku hizi wanamsifu sana Dada Juu. Ametoka kwenye madeni, ana msimamo, wengine wamuige. Nikisikia hivyo nakunja ngumi mfukoni na kuangalia pembeni. Acha niisimulie mimi habari yake, maana nimesimama chini ya mzigo wake miaka sita, na wanaomsifu walikuwa hawamjui hata anakula nini mchana.

Yeye ni mwendesha kreni. Kila asubuhi hupanda ngazi ya chuma, vipago mia mbili na kumi, akajifungia kwenye kibanda cha vioo kisichozidi kabati kwa ukubwa. Mimi wananiita Mikono. Kazi yangu ni kusimama chini na kumwonyesha kwa mikono: pandisha, shusha, zungusha, simama. Tuna redio, lakini hatua za mwisho za mzigo ni za mikono. Sheria zetu ni mbili. Asipoiona mikono yangu, anasimamisha kila kitu. Na mtu yeyote akinyoosha mikono yote miwili pembeni, hata mfagizi, kreni inasimama kwanza, maswali baadaye.

Mshahara wake ni mara nne ya wangu. Sina wivu, anayepitisha nondo juu ya vichwa vya watu anastahili kila senti. Ninachosema ni kwamba mtu huyo alikuwa ananikopa nauli. Ikifika tarehe kumi na mbili tu anashuka, anavua kofia, anajipangusa jasho: "Mikono, una chochote hapo? Mwisho wa mwezi nakurudishia." Na mimi, mwenye viatu vilivyoshonwa mara mbili, natoa. Gari lake liko pale getini, linang'aa, halina mafuta.

Gari lenyewe lilikuwa la mkopo. Alipanga nyumba ya vyumba vinne, akakaa humo yeye na friji. Kwao yeye ndiye aliyefanikiwa, kwa hiyo kila shida ya ukoo ilijua njia ya mlangoni kwake: meno ya shangazi, kodi ya duka la mdogo wake, ada za watoto wa binamu ambao hata majina yao alikuwa anayachanganya. Hakuwahi kusema hapana. Aliogopa kuonekana hana kuliko alivyoogopa kutokuwa nacho. Mshahara ukiisha anakopa kwa simu, dakika tano tu pesa imeingia, halafu anakopa kwingine kulipa kule kwa kwanza. Mpaka maji yakamfika shingoni, na bado anatabasamu.

Siku moja akanijia na kubwa zaidi. Tulikuwa stoo, kati ya magunia ya saruji. "Kaka yangu, mama yuko taabani. Wanataka pesa ndiyo wampasue." Machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa na akiba ya miaka mitatu, pesa ya binti yangu. Alikuwa amemaliza shule na anasubiri kuitwa chuo cha uuguzi. Kwangu ilikuwa miaka mitatu ya kula mchana mihogo mikavu. Kwa Dada Juu ilikuwa mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Nikampa yote. Akaniapia kwamba binti hataitwa kabla pesa haijarudi.

Wiki mbili baadaye fundi nondo mmoja akanionyesha picha kwenye simu yake. Harusi ya mdogo wake Dada Juu. Ukumbi, taa, magari yamepambwa. Na mama aliyekuwa taabani yuko mstari wa mbele, anacheza, kiuno hakina hitilafu yoyote.

Damu ilinichemka. Na nilifanya nini? Sikufanya kitu. Niliona haya kumwuliza. Kila asubuhi nilipanga maneno, na kila asubuhi aliniambia "Shikamoo, Mikono" kwa sauti ile yake nzuri, nikaitikia "Marahaba" na kwenda zangu kuvaa glavu.

Wale wa mikopo ya simu hawakuwa na haya kama mimi. Ukikopa kwao wanachukua namba zote zilizo kwenye simu yako, ukichelewa wanawapigia watu wako mmoja mmoja. Sasa, ni namba gani Dada Juu aliipiga zaidi ya zote? Ya mtu wake wa ishara. Akiwa kibandani simu yake imezimwa, hivyo ndivyo sheria inavyotaka. Basi zamu ikawa yangu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, tumebeba fungu la nondo kupeleka ghorofa ya tatu. Simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ilipofika mara ya sita nikasema hawa ni watu wa chuo, wanamwita binti. Nikaipokea. Najua. Usinifundishe, najua.

"Wewe ndiye unayemficha yule mwizi?" Sauti ya msichana mdogo, anayeweza kuwa mwanangu. "Mwambie alipe leo, la sivyo na wewe tutakuanika kila mahali!"

Niligeuka. Hatua moja tu, nikampa kreni mgongo ili nimjibu yule msichana. Juu kule Dada Juu hakuiona mikono, akakata mwendo ghafla kama sheria inavyosema, fungu likayumba, na nondo moja ikachomoka. Ilishuka ikasimama wima kwenye mbao, hatua moja kutoka kwa fundi aliyekuwa amechuchumaa anafunga nguzo. Yule fundi aliitazama ile nondo, akakaa chini.

Barua ya onyo nilipewa mimi. Simu ilikuwa yangu, mgongo ulikuwa wangu. Msimamizi akampongeza Dada Juu kwa kusimamisha mzigo kwa haraka! Alimpa mkono mbele ya watu wote, nami nimesimama pale na karatasi yangu.

Jioni ile nilimfuata stoo, nikafunga mlango. "Dada, leo tungemzika mtu. Kaa hapo. Andika unadaiwa na nani na nani. Wote."

Alilia kwanza. Nikamwambia machozi hayo nilishayanunua, tena kwa bei mbaya, achukue kalamu. Akaandika nyuma ya hati ya mapokezi ya saruji. Mikopo saba ya simu. Benki. Gari. Chama cha akiba cha kazini. Mwenye nyumba. Mwenye duka la sofa. Kumi na mbili. Alipomaliza akanipa.

Nilisoma mara tatu. Mimi sikuwemo.

Nilidhani ameniweka pembeni, kwamba deni langu ni la heshima, haliwekwi pamoja na hao majambazi. Kumbe nilikuwa najipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ningemwuliza pale pale haya yote yangeisha. Badala yake niliikunja karatasi, nikasema, "Tuanze na gari."

Sitamnyima haki yake, mwanamke alifanya kazi. Aliliuza gari ndani ya siku kumi. Akahama ile nyumba, akapanga chumba kimoja nyuma ya gereji, choo cha kushirikiana na wapangaji watano. Chama cha kazini kikakubali kununua yale madeni saba ya simu na kuyafanya moja, akatwe kwenye mshahara. Na kabla wale wasichana wa mikopo hawajaendelea kuwasumbua watu, alikaa kule juu saa za mapumziko, akawapigia mwenyewe kila mtu aliye kwenye simu yake. Nilikuwa namsikia kwenye redio, alisahau kuizima: "Shikamoo shangazi. Nina madeni. Ndiyo, mimi. Ukipigiwa usilipe chochote. Na usiniombe chochote mpaka nimalize." Alirudia hivyo siku tatu, mpaka sauti ikakauka. Hapo, nakiri, nilimheshimu.

Ndugu hawakukubali kirahisi. Tukatengeneza utaratibu. Ndugu akimpigia saa za mapumziko kuomba, Dada Juu anasema "subiri niulize," ananiita kwenye redio: "Mikono, mdogo wangu anataka kodi ya duka." Mimi nanyoosha mikono yote miwili. "Nimekatazwa," anamwambia. Nikawa adui wa ukoo nisiokunywa nao hata chai. Mama yake, yule wa kiuno kizima, aliniita mchawi.

Katikati ya hayo chuo kikamwita binti yangu. Nilikwenda kazini na barua mfukoni, nikamwambia Dada Juu, ili akumbuke bila mimi kumkumbusha.

"Binti kaitwa chuo cha uuguzi."

"Weee! Hongera, Mikono! Mwambie asome kwa bidii."

Akapanda zake ngazi. Vipago mia mbili na kumi, na sikuona ageuke hata kwenye kimoja.

Chuo kilikubali kumsogeza binti mwaka mmoja. Mara moja tu, walisema, mwakani asipolipa nafasi inakwenda kwa mwingine. Alikaa nyumbani mwaka mzima, akafua nguo za watu, na kila jioni akaniuliza kazi imekwendaje. Nilimwambia pesa iko kwa mtu. Hakuuliza kwa nani. Nami mwaka mzima nilinyoosha mikono kumlinda mwanamke yule, kila senti niliyoizuia ikaenda kwa waliomtukana.

Zilipobaki wiki tatu siku ya chuo ifike, asubuhi, tulikuwa tunapandisha matofali. Redio ikalia. "Jamani, nisikilizeni! Leo nimelipa deni la mwisho. Sidaiwi na mtu yeyote duniani!" Mafundi wakapiga makofi, wakagonga mabomba kwa nyundo. Msimamizi mwenyewe alipunga kofia.

Mimi nilinyoosha mikono yote miwili pembeni.

Kreni ikasimama. "Nini, Mikono? Kuna mtu chini?"

"Yupo."

"Simwoni."

"Ni mimi, dada. Shusha mzigo kwanza."

Akashusha. Matofali yalipogusa ardhi nikabonyeza redio, na kila mwenye redio pale alisikia. "Pesa ya binti yangu. Ile ya kumpasua mama aliyecheza harusini. Ninakudai mpaka leo."

Nyundo zikanyamaza. Tukamwona anafungua mlango wa kibanda na kuanza kushuka, saa tatu asubuhi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alifika chini, akaja mpaka nilipo.

"Mbona hukunipigia hata siku moja?" akasema. "Wale walikuwa wananipigia kila saa. Wewe nilikuhesabu uko upande wangu."

"Upande wako una binti."

Alifunika uso. Sikumwonea huruma, na sisemi uongo ili nionekane mwema. Nilitaka aone haya mbele za watu, kama nilivyosimama mimi na barua ya onyo.

Alimwendea mdogo wake, yule bwana harusi, akarudishwa na maneno: harusi ilishapita, dada umebadilika. Basi akauza sofa na televisheni, vitu vya mwisho vilivyobaki, na mshahara ulipoingia akautoa wote. Mwezi ule alikula kutoka kwenye kopo langu la chakula, mihogo mikavu. Siku mbili kabla ya chuo kufunga mlango alinipa bahasha. Niliihesabu mara mbili mbele yake, makusudi. Ilitimia. Akauliza kama nimemsamehe, nikamwambia apande, zege linaganda.

Nilimsindikiza binti mwenyewe, na begi lake kichwani kwangu. Njiani nikamweleza yote, tangu stoo mpaka redio. Nilitegemea acheke pale pa mama mcheza harusi. Hakucheka.

"Ulikuwa unamwona kila siku, baba?"

"Kila siku."

"Na nilipokuwa nafua nguo za watu, ulikuwa unamwona?"

"Nilikuwa naona aibu kumdai."

Akasimama pale barabarani, akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Aibu ya nani, baba?"

Nililishika begi vizuri kichwani, tukaenda mpaka getini. Nilimpa begi, akaingia kupanga foleni pamoja na watoto aliowazidi mwaka mmoja, nami nikarudi kazini kuvaa glavu.