Kaswende Haikumuuma, Akampiga Kendi

Leo nimempiga mwanafunzi wa chuo kikuu na sufuria, mtoto akiwa mgongoni.

Jirani yangu Kendi, msichana wa chuo, alipimwa akapatikana na kaswende. Kliniki ikampa karatasi ampelekee mpenzi wake, naye pia akatibiwe.

Jamaa, naye wa chuo kikuu, kuisoma tu mbele yangu, kofi! Akamgongesha kichwa ukutani. Damu ikaruka mpaka kwa leso niliyombebea Abdi wangu.

"Umetoa wapi huu uchafu? Mimi siumwi popote!"

Hapo ndio nikamshukia na sufuria. Mara mbili.

"Mama Abdi, haikuhusu!" jamaa akafoka, ngumi juu.

"Inanihusu! Mimi niliachia darasa la saba. Lakini nikiwa na mimba ya huyu walinipima, nikapatikana nayo, na sikuwa naumwa popote. Tulidungwa sindano mimi na babake, mtoto akazaliwa mzima."

Akashusha ngumi. "Kwani inaweza kujificha?"

Miaka mitatu chuoni na hajui hilo, jamani!

Kendi akaokota karatasi, akaipangusa damu, akamrudishia.

"Enda utibiwe. Kwangu usirudi."

Mimi na Kendi tumetoka hospitali sasa hivi, ameshonwa kichwa. Wamama, nilikosea?