Mituele ya wazee imemkataa baba yangu wa miaka sabini na moja, eti bado kijana

Wakuu, kwa mujibu wa karata ya serikali, baba yangu alinizaa akiwa na miaka tisa.

Salamu kwenu wote. Haya sikusimuliwa, nilikuwepo, na daftari nililoandikia ninalo.

Mimi nina miaka arobaini na tano. Baba ana sabini na moja. Karata yake ya uchaguzi, ambayo huku Uvira ndiyo kitambulisho, inasema hamsini na nne.

Baba ni fundi cherehani hapa Kasenga, na mtoto wa jicho amemshika macho yote mawili. Juzi alishona kanzu ya kwaya, mfuko akauweka mgongoni. Mwenye kanzu bado anatafuta leso yake.

Daktari alisema apasuliwe kabla macho hayajazima kabisa.

Nikachukua daftari, nikazunguka maofisi kuuliza mzee wa namna hii analindwa na bima gani.

Ofisi ya afya walinieleza kwamba mpango wa serikali wa matibabu ya bure upo, ila kwetu umeanza na akina mama wanaojifungua na watoto wachanga. Nilipomwambia baba, akashika tumbo lake, akauliza kama haliwezi kutosha.

Mfuko wa pensheni ni wa waliokuwa wakikatwa mshahara. Baba maisha yake yote amekata vitambaa tu.

Ikabaki mituele, yaani chama cha bima ya afya cha mtaa, kinachotambuliwa na serikali. Pale wenye miaka sitini na kuendelea wana kundi lao, na upasuaji wa macho umo! Masharti: familia ije pamoja, na orodha inafungwa Ijumaa.

Tukaenda watatu: mimi, baba, na Mama Furaha, mjane ambaye baba alimwoa baada ya mama yetu kufariki.

Karani akasoma karata, akamrudishia. "Papa, weye uko kijana bado. Rudi kisha miaka sita."

Baba akakohoa.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Siku ya kuandikisha wapiga kura, Mama Furaha alikuwa nyuma yake kwenye foleni, wakati huo bado hawajaoana, na ajenti akauliza umri kwa sauti kubwa. Baba akashusha miaka kumi na saba palepale, kama muuza ndagala, yaani dagaa, jua likishakuwa kali.

Sasa ilimbidi aseme ukweli mbele ya mama yuleyule.

"Papa Sifa, sema miaka yako," Mama Furaha akamwambia. Sifa ni mimi.

"Karata si uliiona?"

"Niliiona. Na meno niliyaona."

Baba akaiambia sakafu: sabini na moja.

Karani akasema haitoshi. Alete shahidi anayemzidi umri, aliyemwona akizaliwa. Wakuu, wakubwa wote wa baba wako makaburini. Aliyebaki ni mdogo wake, Papa Bahati, mkulima wa Kiringye, miaka sitini na nane, karata yake haina mchezo. Kesho yake akaja kwa pikipiki.

Karani akalinganisha karata mbili. "Muzuri. Shahidi ndiye mukubwa."

Papa Bahati akanyoosha kola. "Kuanzia leo uniite yaya, ao sitatia sahihi." Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

Baba, kwa ajili ya macho yake, akamwita yaya. Mara moja, tena chini chini.

Papa Bahati akatia sahihi kwamba alimwona baba akizaliwa, na kwamba baba ana miaka sabini na moja. Muhuri ukainuliwa.

Mama Furaha, ambaye husoma polepole lakini husoma yote, akauliza: "Huyu wa sitini na nane, wakati wa sabini na moja anazaliwa, alikuwa amekaa wapi?"

Muhuri ukarudi mezani. Karani akapeleka karatasi kwa chefu wake, yaani mkuu wake wa kazi.

Nilichojifunza: tazameni karata za wazee wenu leo, kabla ugonjwa haujazitazama. Bima yoyote, ulizeni inalipia nini na inamtaka nani. Na ukiwa kwenye foleni ya serikali, usigeuke nyuma.

Aliyewahi kurekebisha umri wa mzee, aandike hapa chini alipitia mlango gani. Wa kucheka mcheke, baba mwenyewe anasomewa.

Leo ni Jumatano. Chefu bado hajajibu.