Aliyempiga Binti Yangu kwa Kutosikia ni Wifi Yangu

Admin, naomba unifiche jina. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi mtaa wa Karagita na nafanya kazi katika shamba la maua. Binti yangu, nitamwita Shiro, ana miaka kumi na moja. Homa ya uti wa mgongo ilimwachia masikio mazito, kwa hivyo huvaa kifaa cha kusikia na husoma midomo ya watu.

Shule kadhaa zilimkataa. Aliyempigania akapata nafasi ni dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu katika shule anayosoma sasa.

Majuzi wifi alikuwa kwenye zamu. Watoto walikuwa wakitoka paredi kwa kelele, akawaamuru wasimame. Wote walisimama isipokuwa Shiro, aliyekuwa amempa mgongo. Wifi alimfuata akamzaba kofi upande wa kifaa, kikavunjika. Aliniambia baadaye kwamba alijua Shiro hakusikia, lakini aliogopa kuonekana anapendelea mtoto wa kwao.

Shiro alirudi na sikio limefura. Tangu siku hiyo akiona yunifomu anatetemeka.

Nilienda kwa mwalimu mkuu. Akasema sheria za shule ni moja kwa wote. Nikamuuliza, "Mtoto anaadhibiwaje kwa amri ambayo haikumfikia?" Akaahidi kwamba tukimaliza mambo haya nyumbani, hakuna mwanafunzi mlemavu atakayeadhibiwa kabla ya mwalimu kuhakikisha ameelewa amri. Lakini nikienda kushtaki katika ofisi ya watoto ya serikali, nimtafutie Shiro shule nyingine.

Mume wangu alilelewa na huyo dada baada ya wazazi wao kufa. Aliniambia, "Ukimshtaki yeye, umenishtaki mimi." Sasa tunapishana kwa nyumba kama wapangaji. Wifi mwenyewe alikuja kuomba msamaha akilia, na Shiro akajificha nyuma yangu.

Nilikuwa karibu kukubali yaishe. Halafu nikakutana na mama mmoja ambaye binti yake hutembea kwa magongo, na kila akichelewa hupigishwa magoti kwenye geti la shule hiyo hiyo. Akaniambia, "Wewe uko na mwalimu kwenu na bado unaogopa. Sisi wengine tutasemea wapi?"

Nikapiga simu ofisi ya watoto, na Jumatatu wananingoja. Shiro ameniuliza kama shangazi bado anampenda. Wazazi wenzangu, nishikeni mkono kwa mawaidha: niende, ama niokoe ndoa yangu?