Sanduku ya Noëlla

Watu ya Kadutu, mutaa yetu ya Bukavu, walizoea kusema Maman Noëlla iko na kichwa ngumu, na mimi Colombe, mwenye mulango yangu inaangaliana na yake, sikatai. Lakini kichwa ngumu ni kitu moja, na kujua kitu unataka ni ingine. Wale wenye walimucheka kwenye bomba ya maji, wakisema mujane ameolewa na sanduku, ndio wa kwanza walikuya kusukumana mulangoni siku sanduku ilirudi. Niacheni niseme mupaka mwisho, mutajua nani alikuwa mujinga.

Jina ya ubatizo ya Maman Noëlla ni Rosalie. Alikuwa anapiga pasi kwa Wazungu kule Muhumba, na bwana yake, Gaston, alikuwa anaandika vibao ya maduka. Siku ya Mungu, akitoka misa, Gaston alikuwa anachora picha na rangi ya mafuta kwenye kitambaa. Walikuwa na mutoto mumoja tu, Noëlla. Surua ikamuchukua. Rosalie alimubeba mugongoni mupaka hospitali, na moto ya ule mwili mudogo ikapita kwenye nguo, ikamuingia yeye mwenyewe. Aliniambia hata leo anaisikia pale mugongoni.

Hakuna mutu alikuwa amemupiga mutoto foto. Gaston ndiye alimuchora kwa kumukumbuka tu, amevaa robe ya bulu, anacheka, jino moja ya mbele haiko. Ukiingia mule nyumbani ulikuwa unamusalimia yeye kwanza. Kisha Gaston naye akaenda, kifua ilimumaliza. Mukono yenye ilijua ile sura ikazikwa, na picha ikabaki ile moja.

Sasa sikilizeni shida. Mbele ya kugonjwa, Gaston alikuwa ametuma picha ingine kwenye maonyesho ya Léopoldville, picha ya wamama wa soko. Ilirudi kisha miezi mingi, imeharibika. Joto ya njia na unyevu ya ndani ya sanduku vilikula rangi, ukungu kila pahali, na nguo yenye waliifunga nayo imeshikamana na sura za wale wamama. Ukivuta, unawachuna ngozi. Pale kwenye kitanda ya kufa Gaston aliomba bibi yake kitu moja: siku moja picha ya Noëlla ionekane Bulaya, na isiharibikie njiani. Rosalie akakubali. Na ahadi ni deni.

Kwa hiyo siku Padri Léopold wa parokia yetu alikuya kusema kule Bruseli wanatafuta picha moja ya Gaston kwa maonyesho yao kubwa, kisha watairudisha, Rosalie alijibu ndiyo. Akamusindikiza Padri mupaka barabarani, akarudi nyumbani, akakaa mbele ya picha. Aliogopa, ee, aliogopa sana. Kumupoteza mutoto mara mbili si kitu ya kucheka.

Firmin, mudogo ya Gaston, iko fundi wa mbao. Yeye akatengeneza sanduku, na roho safi kabisa. Alichukua mbao ya eukaliptusi yenye ilitoka kukatwa. Ndani akapanga majani mabichi ya ndizi, nene, kwa sababu ya ile desturi yetu: mashanza, ile maziwa ya kugandisha, wamama wanaifunga na majani mabichi ili ifike soko baridi. Kisha akaziba kila pahali na lami, hata tone moja ya mvua isiingie. Alikuwa anaizunguka ile sanduku na kupiga miluzi.

Mwenye aliumwa na nyoka anaogopa hata kamba. Rosalie hakuweka picha ndani. Aliomba sanduku ifungwe tupu, iachwe kwenye jua mule uwanjani. Muchana ikafunguliwa, akaingiza mukono, na nikaona uso yake inageuka.

«Shemeji, iko na homa,» alisema. «Umetengeneza shimo ya kuivisha ndizi.»

Yo, Firmin! Sisi Bashi, ndizi ya kasiksi, ile pombe yetu, tunaizika kwenye shimo, tunatandika majani, tunafunika sana hewa isitoke, na ile joto na unyevu ndiyo inaivisha. Firmin alinyonya hiyo akili kwa mama yake. Na ameifanya vile vile, na misumari juu. Mimi nilicheka mupaka nikashika ukuta. Alinikasirikia, siku mingi hakunisalimia.

Firmin alisema, na ni kweli, mbao kavu haiko Bukavu nzima wakati wa mvua. Rosalie akaangalia kitanda yake. Gaston aliitengeneza mwenyewe wakati wa ndoa yao, na ile mbao ilikauka miaka yote karibu na imbabura, lile jiko ya makala. Noëlla alizaliwa juu yake.

«Vunja,» alimuambia Firmin.

Firmin akakataa. Basi Rosalie akamunyanganya nyundo, akapiga ya kwanza yeye mwenyewe. Mimi nililia. Yeye hapana. Na zile mbao Firmin akatengeneza sanduku ya pili. Tangu ile siku Rosalie akalala kwenye mukeka, na ndipo watu wa bomba walianza kumuchekelea.

Alingojea siku yenye upepo ilikausha nguo vizuri kwenye kamba. Padri alikuwa na haraka, akaambiwa haraka haina baraka. Rosalie alipiga shuka ya zamani pasi ya moto mupaka haikubaki na unyevu, akaiacha ipoe, akafunga picha nayo, na vipande ya mbao kwenye pembe ili nguo isiguse sura. Juu yake karatasi ya mafuta, kisha mablanketi pande zote, na mifuko midogo ya makala kavu ya kunywa maji yenye itabaki.

Kisha akapanda kamyo pamoja na sanduku. Shofere alikuwa Pascal. Waliposhuka mulima ya Ngomo, baridi yetu ikabaki juu, na joto ya bonde ya Ruzizi ikawapokea. Muchana, karibu na Luvungi, pineu ya kamyo ikapasuka. Rosalie akaomba washushe sanduku, waiweke chini ya kamyo, kwenye kivuli. Yeye akakaa upande wa jua, akatandaza kikwembe yake ya kujifunga ikinge. Pascal alimuonea huruma. Akamushauri afungue kidogo, aangalie mutoto yake, roho itulie.

«Nikifungua, roho yangu itapona,» alimujibu, «na mutoto ndiye atagonjwa.»

Akakaa pale mupaka kamyo ikaondoka tena. Kule Kalundu, kwenye bandari, aliwapa watu wa bato sanduku bila kuiona picha.

Miezi ikapita. Siku sanduku ilirudi, mvua ilikuwa inanyesha, na Kadutu nzima ikajaa mulangoni. Unajua alifanya nini? Aliiweka ndani ya chumba, akaifunika na blanketi, akatufukuza. Alisema imetoka kwenye joto, izoee baridi yetu kwanza, kama sivyo itatoka jasho. Ikakaa hivyo siku na siku. Watu wakasema Wazungu wamebakisha picha, ndani muko mawe. Hata mimi nilishindwa, nikamuuliza kama roho yake ni jiwe. Alivuta blanketi vizuri juu ya sanduku.

Mwisho akamuita Firmin. Misumari ikatoka, mablanketi, karatasi, shuka. Noëlla akatoka, na robe yake ya bulu, anatucheka na lile pengo ya jino. Sisi wote tulipiga kelele. Rosalie hakuangalia sura. Aligeuza picha, akaweka kiganja mugongoni mwake, akaiacha pale.

«Hana homa,» alisema.

Kisha akalia, sauti juu, kwa mara ya kwanza tangu tumuzike Gaston. Firmin akapiga magoti chini, akaanza kupanga zile mbao moja moja, kuona kama zitatosha kitanda.